Baiskeli si ushamba, ushamba ni kumwacha mwenzio mlima wa Pugu!

Mwezi bado una siku zake na mshahara hauji kwa kukodolea macho kalenda. Wiki hii sina habari za kumbi wala za nani kamwacha nani. Nataka tuongelee Jumapili, ile siku ambayo kijana wa Dar aliyechacha anaamka saa nne, anapiga mswaki taratibu ili muda usogee, halafu anakaa kibarazani kuhesabu magari ya wenzake.

Maana tuseme ukweli jamani, kujirusha katika jiji hili si mchezo. Mkitoka watu watano tu, piga nauli, piga kiingilio, piga soda mbili mbili na chipsi kavu, mtu keshamaliza hela ya wiki nzima. Matokeo yake marafiki tuliosoma darasa moja, tuliokuwa tunagawana andazi moja wakati wa mapumziko, siku hizi tunaonana misibani na kwenye harusi, tena harusi zenyewe za kuchangishwa. Siku zilizobaki tunaulizana kwa simu: "Upo?" "Nipo." Basi, imetoka hiyo.

Ndiyo nikasema leo niongelee baiskeli. Najua kuna dada hapo ameshakunja uso. Subiri kwanza mpenzi, usifunue ukurasa wa nyota.

Hapa Dar baiskeli ina sifa mbaya. Ukienda Shinyanga, Tabora au vijiji vya Mwanza, baiskeli ni chombo cha heshima. Inabeba mgonjwa kwenda zahanati, inabeba gunia la mpunga, na ukiwa na bahati inabeba bibi harusi. Sisi watoto wa mjini tukaamua ni chombo cha muuza mkaa na muuza samaki, nukta. Namfahamu kijana mmoja wa Kigogo ambaye akiona kundi la wasichana mbele yake anashuka, anaisukuma kwa mkono mmoja, na akiulizwa anasema ni ya mjomba, anaipeleka kwa fundi. Mjomba mwenyewe yuko Songea na hajawahi kukanyaga Dar!

Na hao hao wanaoiona baiskeli ushamba wanapanda bodaboda asubuhi na jioni. Hivi mnajua kuwa jina lenyewe la bodaboda ni la baiskeli? Za kwanza zilikuwa baiskeli zenye kiti cha kujaziwa sponji nyuma, zikivusha abiria pale mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda. Mwenye baiskeli alikuwa akinadi kwa neno la Kiingereza la mpaka, mara mbili mbili, ili abiria ajue safari ni ya kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Pikipiki ilikuja baadaye ikarithi jina, na sasa inamcheka aliyeizaa.

Kikundi ninachotembea nacho hakina jina, hakina fulana, hakina mwenyekiti. Kwa kawaida tuko kumi na moja, siku za neema tunafika kumi na nne, siku za mvua tuko watatu. Kuna washikaji wawili wanaouza makava ya simu Kariakoo, kuna mwalimu wa shule ya msingi, kuna fundi cherehani, kuna dada anayesomea unesi, kuna mdogo wake, na kuna kaka mmoja wa benki ambaye baiskeli yake ina gia nyingi kuliko lori la Tunduma. Wengi wetu tuna za mtumba kutoka Japani, zile zenye kikapu mbele, ambazo ukizipanda unaonekana kama unakwenda sokoni kununua vitunguu. Halafu kuna mshikaji wetu mmoja mwenye Phoenix nyeusi ya Mchina, nzito kama kabati. Huyu mkumbukeni, tutarudi kwake.

Tunakutana Magomeni kwa fundi baiskeli, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Usishtuke. Kwanza ni jua. Jua la Dar likifika saa nne halina urafiki na mtu, na ukiwa Machi kabla mvua za masika hazijashika unaweza kuiva kama mhindi. Pili ni magari. Jumapili alfajiri mji huu ni mji mwingine kabisa. Unateremka Barabara ya Morogoro, unapita Jangwani (kama mto haujaamua kupita juu ya barabara, maana siku hizo rudi ukalale), unaingia mjini na unasikia mnyororo wako mwenyewe unavyolia. Umewahi kusikia mnyororo wa baiskeli yako pale Posta? Siku ya kazi hata honi ya lori huisikii vizuri.

Njia yetu ya kawaida ni kushuka hadi Feri, pua zifunguke kwa harufu ya samaki, halafu tunashika ile barabara ya ufukweni iliyokuwa ikiitwa Ocean Road kabla haijapewa jina la Barack Obama mwaka 2013. Kutoka hapo ni Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, kama kilomita moja juu ya maji. Pale juu upepo unakupiga ubavuni, boti za wavuvi ziko chini, jua linachomoza kulia kwako, na hata kama kwenu mnadaiwa kodi ya miezi mitatu unajiona na wewe ni mtu. Ukishuka upande wa pili uko Coco Beach, na wauza mihogo ndio kwanza wanawasha moto. Muhogo wa kukaanga, pilipili, chumvi, dafu moja la kushushia. Safari nzima haizidi kilomita 15 na hela uliyotumia haitoshi kumnunulia mtu bia.

Tukijisikia wa maana tunavuka na pantoni kwenda Kigamboni, tunatembea hadi Mjimwema, tunakatiza Kibada na kurudi mjini kwa Daraja la Nyerere, lile la mwaka 2016. Huko utakutana na mambo ya upepo, na hili vijana wengi hawalijui mpaka liwatoe machozi. Miezi ya Juni hadi Agosti upepo wa kusi ndio unaotawala. Wewe unaondoka Dar kwenda Bagamoyo, kilomita kama 70, unashangaa mbona leo miguu ni mepesi, unapita Tegeta, unapita Bunju, unaimba. Kumbe unasukumwa mgongoni! Mtihani ni wakati wa kurudi, umechoka, umeshiba samaki, na kusi yuko usoni anakuuliza ulikuwa unaimba nini. Nawashauri wageni wa mchezo huu wapange safari iwe na upepo wa mbele wakati wa kwenda, ili wakati wa kurudi upepo uwe dereva. Wanaotaka makubwa zaidi wapo, kuna wale wa msafara wa Twende Butiama wanaopiga pedeli kutoka Dar hadi Butiama mkoani Mara kumkumbuka Mwalimu Nyerere. Hao nawavulia kofia, ila mimi na kikapu changu hatumo.

Sasa tuingie Pugu, maana ndiko mambo yalikoharibikia.

Pugu ni safari ya wanaume na wanawake wa kweli. Unashika Barabara ya Nyerere, unapita uwanja wa ndege, Ukonga, Mombasa, Gongo la Mboto, na baada ya hapo ardhi inaanza kuinuka kiaina. Ni kule kule alikokuwa akifundisha Mwalimu Nyerere kabla hajaacha chaki mwaka 1955 na kuingia siasa moja kwa moja. Ukipanda unakutana na watu wanaoshuka, na hao ndio waendesha baiskeli hasa. Wauza mkaa kutoka Kisarawe! Magunia mawili, wengine matatu, yamefungwa kwa mipira nyuma ya baiskeli, mtu mwenyewe humwoni, unaona mkaa unateremka peke yake. Breki haziwezi kuusimamisha mzigo ule, wengine wanasaidia kwa soli ya kandambili. Ukikutana nao wapishe, usiwaingilie mbele hata kama wewe una kofia ya kung'aa na chupa ya maji ya rangi. Mzee mmoja alikuwa amepumzika chini ya mwembe, tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatutazama juu mpaka chini, akauliza: "Wanangu, mnakimbilia wapi na hamna mzigo?" Mpaka leo hakuna aliyepata jibu.

Siku ya mkasi wenyewe mimi sikuwepo, nilikuwa Tanga kwenye msiba wa bamkubwa wangu. Haya nimesimuliwa na dada wa unesi, na huyo dada hata uzito wako hakudanganyi. Wanasema walipofika Gongo la Mboto, kaka wa benki akabadilisha gia, washikaji wawili wa Kariakoo wakamfuata kwa sifa, na waliobaki kuona hivyo nao wakatia mwendo. Kila mtu akawa anapigania jina lake. Mwisho wa msururu alikuwepo yule wa Phoenix. Katikati ya mlima, anakanyaga kwa uzito wote, mnyororo ukakatika paa! Akapiga kelele, lakini aliyekuwa mbele yake alikuwa na visikilizio masikioni. Ni dada wa unesi tu aliyegeuka.

Wale wengine wakaenda mpaka Kisarawe. Wakaagiza kuku wa kienyeji na ugali, wakapiga picha, wakaziweka kwenye kundi la WhatsApp, vidole juu. Wakati picha zinaingia, mwenzao alikuwa anasukuma Phoenix kurudi Gongo la Mboto, dada wa watu pembeni. Mafundi wote wako kanisani. Wakapata guta la pikipiki, wakalipa shilingi 8,000 wafikishwe Magomeni, tena dada ndiye aliyetoa.

Jumapili iliyofuata mwenye Phoenix hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu wakaanza kusema kapata demu.

Nilikutana naye Jumatano moja saa moja asubuhi, Manzese. Phoenix imefungwa kreti la mikate nyuma, limefunikwa nailoni. Nikamsimamisha.

"Kaka vipi, umetuhama?"

"Sijahama," akasema, huku akishikilia kreti lisiyumbe. "Ila nyinyi Jumapili mnatembeza baiskeli. Mimi natembeza ofisi yangu."

Hapo nikanyamaza. Akanieleza kila kitu bila hasira, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Huyu jamaa Jumatatu hadi Jumamosi anasambaza mikate kwenye maduka ya Manzese na Tandale. Mnyororo ulipokatika Jumapili, Jumatatu hakuwa na chombo, na Jumanne mpaka saa nne alikuwa bado kwa fundi. Mwenye duka hangoji. Mteja wa chai ya asubuhi akikosa mkate anakwenda duka la pili, kwa hiyo mwenye duka akatafuta msambazaji mwingine. Akapoteza maduka mawili kati ya tisa, na hayajarudi mpaka leo ninapoandika.

Lakini mnajua kilichomuuma ni nini? Si maduka. Jioni ya siku ile ile ya Pugu aliingia kwenye kundi la WhatsApp akakuta hesabu ya chakula cha Kisarawe. Bili imegawanywa sawa kwa sawa kwa kila aliyeondoka Magomeni asubuhi, na jina lake limo. Shilingi 12,000! Kwa kuku ambaye hata harufu yake hakuisikia. Na akalipa. Nikamuuliza kwa nini alilipa, akasema: "Ningekataa wangesema sina."

Washikaji, hapo ndipo penye ugonjwa. Tunasema baiskeli ni starehe ya wasionacho, na ni kweli kabisa, hadi pale wenye nacho wanapochagua kiwanja cha kula na mwendo wa kwenda. Vikundi vya namna hii nimeviona vingi, Sinza, Temeke, Mbagala. Vinaanza na watu ishirini, baada ya miezi mitatu vimebaki na watano wenye baiskeli za bei mbaya na saa za kupima mapigo ya moyo. Ukiwauliza wengine wako wapi wanakwambia watu wavivu. Wavivu! Mtu anayepiga pedeli na mikate mia kila siku toka alfajiri ni mvivu?

Niliporudi nikalimwaga jambo hili pale kwa fundi, mbele ya wote. Hapakuwa na kikao rasmi, ila watu walizozana mpaka fundi akatuomba tupunguze sauti, wateja wake wanadhani kuna mwizi. Kaka wa benki hakuwa mtu mbaya, tumtendee haki. Alisema yeye hakujua kama mnyororo umekatika, na akasema akienda pole pole mlimani magoti yanamuuma, na baiskeli yake ameinunua kwa mkopo wa kazini ili akimbie, si ili anyate. Hoja hiyo ina maji. Mwenye mbio huwezi kumfunga jiwe.

Tulichokubaliana ni kwamba anayetaka kukimbia akimbie, lakini akifika mahali palipotajwa anashuka na kungoja mpaka wa mwisho afike. Kwa safari ya Pugu ni Ukonga, Gongo la Mboto, halafu juu kabisa. Na wa mwisho si mtu yeyote tu. Kila Jumapili mmoja anapewa zamu ya kuwa mkia, anabeba pampu, spana, gundi ya pancha na kipande cha mnyororo, na hairuhusiwi mtu kubaki nyuma yake. Zamu ya kwanza akapewa nani? Kaka wa benki! Alirudi siku ile anacheka peke yake. Alisema miaka miwili anapita Ukonga hajawahi kujua kuna mama anauza vitumbua vya mchele pale karibu na kituo, maana kila siku alikuwa anaangalia tairi la mbele.

Tena akatufundisha jambo la maana. Kwenye upepo wa mbele mtu anayekaa nyuma ya mwenzake, karibu karibu, anapunguziwa kazi hata robo nzima, kwa sababu wa mbele ndiye anayepasua upepo. Kwa hiyo sasa Kigamboni yeye anakaa mbele kama basi, na kina sisi wa vikapu tunajificha nyuma yake kama abiria. Anapata zoezi lake, sisi tunapata usafiri. Angalizo tu, hiyo karibu karibu ni ya watu waliozoeana na wenye breki zinazoshika. Wa mbele akiona shimo ananyoosha mkono upande wa shimo, na ujumbe unapita nyuma hadi kwa mkia. Asiyefanya hivyo asikae mbele.

Kuhusu hela, kila mtu anajilipia anachokula. Mwenye hela ya kuku ale kuku, lakini mahali pa kusimama lazima pawe na muhogo au chapati ya shilingi mia kadhaa. Halafu kila Jumapili kila mmoja anatoa shilingi 1,000 za mfuko wa pancha. Mtunza hazina ni dada wa unesi, kwa sababu watu wanaogopa kumdanganya mtu anayejua kushika sindano. Matumizi ya kwanza ya mfuko ule yalikuwa kumrudishia dada mwenyewe 8,000 zake za guta. Ya pili, mnyororo wa Phoenix.

Mwenye mikate amerudi, ila si kama zamani. Pugu haendi tena, Coco na Kigamboni anakwenda. Tulitaka mfuko umlipie kukodi baiskeli kwa fundi kila Jumapili ili ofisi yake ipumzike, akakataa katakata. Sitaki kubebwa, alisema. Wakazozana na fundi pembeni, wakakubaliana wao wawili. Sasa kila Jumapili fundi anampa baiskeli ya mtumba bure na yeye anamletea fundi mikate miwili ya jana yake. Sisi hatukuulizwa.

Kuhusu kina dada nitasema kidogo, maana najua barua zitakuja. Kwenye kikundi wako wanne. Miezi ya mwanzo kila tukipita kijiwe cha bodaboda ilikuwa ni miluzi na maneno ya shombo, mpaka mdogo wake dada wa unesi akajifunza kupiga kengele mfululizo bila kugeuza shingo, kama gari la zimamoto. Inafanya kazi. Mama wa mmoja wao alimkataza, eti kiti cha baiskeli kitamfanya asizae. Dada wa unesi alikwenda nyumbani kwao akakaa na yule mama saa nzima, sijui waliongea nini, ila Jumapili iliyofuata binti alikuja na suruali ya jinzi na kanga kiunoni, na mama akasimama mlangoni kutupungia. Baiskeli zile za kike zisizo na bomba la juu ndizo nzuri kwa anayevaa sketi. Na nyinyi wanaume, mkimwona dada amesimama kando na mnyororo umetoka, muulizeni kwanza kama anahitaji msaada. Wawili kati ya hawa wanne wanarudisha mnyororo haraka kuliko mimi.

Barabarani mambo ni yale yale mnayoyajua na hamyafanyi. Msururu mmoja, kushoto, si kutandaza barabara kama maandamano. Visikilizio vikae mfukoni, mmeona kilichotokea Pugu. Kofia ngumu kichwani, hata ya mtumba, bora isiwe na ufa. Kushika bomba la daladala ili ikuvute ni kuomba uandikwe magazeti mengine, si hili. Na kama mnatoka kabla jua halijachomoza, taa mbele na nyuma, kwa sababu dereva anayetoka disko saa kumi na moja alfajiri hana hakika hata na taa zake mwenyewe.

Kabla sijaweka kalamu chini, nimjibu msomaji mmoja wa Tandika aliyeniuliza kama anaweza kumleta mchumba wake kwenye matembezi haya akiwa amembeba nyuma kwenye keria, maana baiskeli ni moja na mapenzi ni mapya. Ndugu yangu, hadi Coco inawezekana. Kwanza peleka kwa fundi akakaze spoku za nyuma na akague boliti za keria, halafu kunja kanga mara nne uifunge pale juu, maana chuma kile hakina huruma. Mwambie miguu aitupe mbali na spoku na mtandio aufunge kiunoni usije ukanaswa. Mlima wa Pugu usijaribu kabisa. Na ukilazimisha, ujue kabisa atakayeshuka kusukuma ni wewe, yeye atatembea kivulini na dafu lake.